Kazi Niliyoichagua kwa Kuchungulia Dirishani

Wewe unayenisoma huku umeshika simu, usiiweke chini. Endelea kuishika. Nitasema taratibu, na ukifika mahali hujaelewa utarudi nyuma, jambo ambalo wale waliokuwa ukumbini hawakuweza. Kwenye mkutano wa vijana wa usharika wetu hapa Nshambya nilipewa dakika kumi nizungumze juu ya kuchagua kazi. Mimi ni Mhaya na nimelelewa, kwa hiyo dakika nane ziliishia kwenye salamu. Katika zilizobaki nikasema, "Chagueni vizuri," nikakaa. Watu wakapiga makofi sana, nadhani kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Haya unayoyasoma ndiyo hotuba yenyewe.

Kabla yangu kuna binti alisimama akaulizwa anataka kuwa nani. Akajibu, "Mimi sitaki kuwa nani. Nataka maisha yangu yawe hivi: niamke bila kukimbizana, nifanyie kazi nyumbani, jioni nitembee ufukweni." Wazee waliokaa mstari wa mbele wakaguna kwa pamoja. Mimi sikuguna. Nilichagua kazi kwa njia hiyohiyo, na naamini hakukosea hata kidogo kuanza na maisha anayoyataka. Kosa langu lilikuwa kwingine. Niliyaangalia maisha hayo kupitia dirishani.

Nilizaliwa Izimbya, kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Utoto wangu ulikuwa mvua. Tulivuna kwenye mvua, tukabeba kwenye mvua, na kahawa tuliyoianika asubuhi tuliikimbilia mchana, mama anapiga kelele, baba anapiga kelele, na wingu linacheka. Nikaapa kwamba nikiwa mtu mzima nitafanya kazi ya chini ya bati, ya kukaa, na viatu vyangu vitakuwa vikavu mpaka nizeeke.

Siku moja nilimsindikiza baba kupeleka kahawa kiwandani mjini Bukoba. Wakati wanapima magunia nikazunguka nyuma ya jengo nikachungulia dirisha moja. Ndani nikaona watu wazima wamevaa makoti meupe, wameizunguka meza ya duara iliyojaa vikombe. Kila mmoja alichota kwa kijiko, akavuta kahawa kwa kishindo kama mtu anayepuliza tarumbeta kinyumenyume, kisha akatikisa kichwa kwa heshima. Hakuna aliyelowa. Hakuna aliyebeba kitu kizito kuliko kijiko.

"Baba, wale wanafanya nini?"

"Wanaonja kahawa."

"Na wanalipwa?"

"Wanalipwa kwa mvua yetu sisi," alisema baba, ambaye siku hiyo hakuwa na furaha na mzani.

Nilikuwa nimeshaamua. Mwalimu alipotuuliza darasani tunataka kufanya kazi gani, wenzangu walitaja udaktari, upadri, uchungaji na urubani. Mimi nikasema, "Ya kunywa kahawa." Darasa lilicheka mpaka kipindi kikaisha, lakini mimi sikubadili jibu, na baada ya miaka nikaipata. Sitaeleza nilivyoipata. Ulikuwa mchanganyiko wa cheti, bahati, na baba mdogo aliyefahamiana na bawabu.

Mkuu wa chumba cha waonjaji alikuwa mama mmoja wa Miembeni, tukimwita Ma Yustina. Huku kwetu mtu wa heshima ni Ta akiwa mwanamume, na Ma akiwa mwanamke, na yeye alistahili hiyo Ma mara mbili. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na pua yake ilikuwa na umaarufu wake binafsi. Siku ya kwanza alinipa kijiko akaniambia nifuate meza. Nikaifuata kwa moyo wote. Baadaye akaja kunitazama.

"Mbona unatetemeka?"

"Sijui, Ma."

"Umemeza?"

"Nimemeza, Ma."

"Vikombe vyote?"

"Zilikuwa nzuri."

"Hata ile yenye ukungu?"

"Hiyo ndiyo nilirudia."

Hapo ndipo nilipoonyeshwa ndoo. Kutoka dirishani ndoo haionekani, ilikuwa chini ya meza. Mwonjaji hanywi kahawa, mwanangu. Anaivuta kwa nguvu ili itawanyike mdomoni kote, anaisikiliza kwa ulimi na pua, kisha anaitema kwenye ndoo na kusema kwa sauti alichokikuta, ili karani aandike: udongo, ukungu, moshi, safi. Vuta, tema, sema. Siku nzima. Ile kazi ya kunywa kahawa ilikuwa kazi ya kutokunywa kahawa.

Siku ya pili alinirudisha nyumbani kwenda kuoga.

"Nimeoga, Ma."

"Ndiyo maana. Rudi ukaoge kwa sabuni ya kufulia."

Nikajifunza masharti. Marashi hapana. Pilipili hapana, vitunguu hapana siku za kazi. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, hapana, maana inalala ulimini mpaka kesho yake. Kukaa jikoni penye moshi hapana. Na ilipofika msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, Bukoba nzima inanukia senene wa kukaanga, watu wanatafuna njiani, wanatafuna ofisini, nadhani hata kanisani walitafuna kwa siri, mimi nilipita katikati yao nimefumba mdomo kama mtu aliyeweka nadhiri. Rafiki zangu wakaacha kunialika. Mmoja aliniambia wazi, "Kukualika wewe ni sawa na kualika mgonjwa. Ukikaa mezani wote tunaanza kuogopa chakula."

Lakini viatu vyangu vilikuwa vikavu. Nataka uelewe hilo. Kile nilichokiomba nilikuwa nimekipata chote, hakuna aliyenidanganya. Ila sikuwa nimeomba maisha kamili. Niliomba kipande kilichoonekana dirishani.

Sasa nikupeleke Muleba, maana ndiko mambo yalikoharibikia.

Nilikuwa nimempenda mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Kemilembe. Alikuwa binti wa familia ya Kikatoliki yenye kibanja kizuri upande wa Kamachumu. Mimi ni Mlutheri. Mjomba wangu, Ta Byabato, aliyekubali kuwa msemaji wangu, aliona dini ndiyo itakuwa mlima, akaandaa hotuba ndefu yenye mistari ya Biblia. Aliifanyia mazoezi mbele ya mbuzi wake. Nakumbuka mpaka leo jinsi ilivyokuwa nzuri, kwa sababu haikusomwa kamwe.

Siku ya kwenda kujitambulisha ilikuwa Jumapili. Jumatatu yake tulikuwa na meza kubwa, kahawa za mwanzo wa msimu, na Ma Yustina alikuwa amenionya, "Usije na mdomo uliokwenda sherehe." Kwa hiyo nilikwenda Muleba kumtafuta mke huku kichwa changu kikiwa mezani Bukoba.

Tulipokelewa vizuri. "Nyegera, waitu, karibuni sana." Tukaketi. Baba yake Kemilembe, Ta Laurean, mzee mpana mwenye sauti ndogo, akaagiza kikapu kile kidogo kilichosukwa. Kama umekulia Kagera unajua ndani yake kuna nini: akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha ikakaushwa. Mgeni anapewa hiyo kabla ya neno lolote. Ukiipokea, umeipokea nyumba. Hata mjukuu wa darasa la kwanza anajua hilo.

Nikachukua punje kadhaa kwa mikono miwili, nikatia mdomoni, nikatafuna. Mpaka hapo nilikuwa mkwe mzuri. Kisha mdomo wangu, ambao kwa miaka ulikuwa umefundishwa jambo moja tu, ukakumbuka kazi. Ukavuta hewa. Kwa kishindo. Ta Byabato akanigeukia kwa mshangao. Na wakati huohuo shangazi yake Kemilembe akaja na maji ya kutunawisha, akapiga magoti mbele yangu, akanikingia beseni.

Beseni jeupe, chini ya kidevu changu, wakati ule hasa.

Nikatema. Safi kabisa, kwa mstari mmoja ulionyooka, kama nilivyofundishwa. Na kwa kuwa mwonjaji akishatema lazima aseme, nikasema kwa sauti ya kusikika na karani: "Moshi."

Shangazi alibaki amepiga magoti, analitazama beseni. Ta Byabato, Mungu amrehemu, alijitosa kuniokoa.

"Waitu, mtusamehe. Kijana anaumwa jino."

Ta Laurean akasema polepole, "Jino gani hilo linalojua jiko la mke wangu?"

Kutoka nyuma ya pazia nikasikia mtu akicheka kidogo na kuziba mdomo haraka. Sikujua ni nani. Sikuwa na nafasi ya kuuliza, maana tulikuwa tunatafutiwa viatu vyetu. Mzee alitusindikiza mpaka kwenye mwisho wa kibanja, kwa adabu yote, akamwambia mjomba wangu neno moja la kuagana: "Anayetema kahawa ya nyumba yangu siwezi kumpa mtoto wa nyumba yangu. Safari njema."

Tulipokaribia mjini mjomba alinigeukia. Kisha akasema, "Na mistari yote ile ya Biblia."

Jumamosi iliyofuata Kemilembe alikuja Bukoba. Nilijua atanitukana kwa ajili ya beseni, nikawa nimejiandaa.

"Beseni tumeshalicheka," alisema. "Shangazi analisimulia mpaka sokoni. Mimi nina swali lingine. Tukioana, nyumbani kwetu tutakuwa tunapika nini?"

"Chochote."

"Vitunguu?"

"Siku za mapumziko."

"Senene?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mgeni akija na rubisi?"

"Atakunywa nje."

"Nje! Mgeni!" Akasimama. "Sikiliza. Baba anaweza kulainika. Mimi ndiye sijui kama nitalainika. Nimekulia kwenye nyumba ambayo watu wanaingia, wanakula, wanacheka, wanaondoka wamechelewa. Hayo ndiyo maisha ninayoyataka. Wewe unataka maisha gani? Usinijibu juu ya viatu."

Alikuwa ananifahamu, unaona. Nilikuwa nimefungua kinywa nijibu juu ya viatu.

Jumatatu nikamweleza Ma Yustina yote. Nilitegemea aniambie nimsahau binti, au niisahau kazi. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akakaa, akanieleza kitu ambacho ningependa ukisome mara mbili.

"Mimi sijawahi kupenda pilipili," alisema. "Hata nilipokuwa mtoto. Kelele za sherehe zinaniumiza kichwa. Nikitoka hapa nakwenda nyumbani, nakula ndizi zangu na samaki wa kuchemsha bila kiungo, nasoma, nalala. Ningeishi hivyo hata kama ningekuwa nauza duka. Kwa hiyo kazi hii hainidai kitu. Wewe inakudai kila siku, na unalipa kwa kununa. Unadhani sikuoni msimu wa senene?"

"Sasa nifanye nini, Ma?"

"Ulipochungulia dirisha lile ulipenda nini?"

Nikafikiri. Nilitaka kusema bati na viatu. Lakini nilipokumbuka vizuri, nilichokipenda ni kwamba wale watu walikuwa wameizunguka meza moja. Nilidhani ni karamu.

"Basi kuna watu wanaohitajika vijijini," alisema, "kuwafundisha wakulima namna ya kuvuna na kukausha. Ulimi wako umeshajua kahawa inaharibikia wapi. Utakula kila nyumba. Ila," akanitazama miguuni, "utalowa."

Nilikwenda nyumbani nikakaa na hilo neno. Maisha yangu yote niliyapanga ili nisilowe. Lakini nilipojiuliza kwa ukweli, mvua ilikuwa inanikera, na meza isiyo na watu ilikuwa inanimaliza. Kati ya kero na kumalizwa, nikachagua kero. Nikanunua mabuti.

Mahali pa kwanza nilipoomba kupelekwa ni Kamachumu. Mkubwa wangu mpya alishangaa, maana vijana wote walikuwa wanaomba karibu na mji. Nikafika kwa Ta Laurean asubuhi, kuna manyunyu, nimebeba misumari na msumeno.

Akasimama mlangoni. "Leo umekuja kutema nini?"

"Leo nimekuja kujenga kichanja, Ta."

Kabla hajajibu, mama mwenye nyumba, Ma Adelina, akatokea nyuma yake akiwa na panga la kukatia ndizi. "Mwache aingie," alisema. "Ule moshi ulikuwepo. Mvua haikukoma mwezi mzima, nikakaushia juu ya jiko. Ningekaushia wapi, kichwani kwako?" Hapo ndipo nilipojua nani alicheka nyuma ya pazia.

Kichanja si jambo gumu, na kama unalima kahawa nisikilize hata kama mengine utayasahau. Unasimamisha nguzo mpaka kimo cha kiuno, unatandaza matete au wavu, kahawa inakaa juu, hewa inapita chini. Vuna nyekundu tupu. Itandaze nyembamba, igeuze mara kwa mara. Turubai liwe palepale pembeni, na uifunike kahawa wingu linapogeuka rangi, usisubiri tone. Ikikauka utajua kwa sikio: tikisa punje moja karibu na sikio, ikicheza ndani ya ganda, iko tayari. Kwa miaka yote niliyozunguka Muleba na Bukoba Vijijini nimesema maneno hayo mpaka mke wangu anayasema usingizini.

Ndiyo, mke wangu. Ngoja.

Tulijenga kichanja, mimi, Ma Adelina na jirani mmoja, tukilowa wote sawasawa. Ta Laurean alikuwa ameketi barazani akitukosoa. Kazi ilipokwisha tuliitwa ndani, na kikapu kikaletwa. Nyumba nzima ikaja kuangalia. Shangazi alisimama mbali, na beseni alilificha mgongoni, nililiona. Kemilembe alikuwa mlangoni, amejishika mashavu.

Nikachukua, nikatafuna. Nikameza. Kisha, sijui nilipata wapi ujasiri huo, nikafungua mdomo wazi nikamwonyesha mzee, kama mtoto aliyepewa dawa.

Akainama, akachungulia. "Inua ulimi," akasema.

Nikainua.

Akaketi, akamwambia mkewe kwa ile sauti yake ndogo, "Mwite yule mjomba mwenye hotuba." Lakini mjomba alipoitwa aliambiwa hotuba si lazima, aseme tu lini. Alinuna wiki nzima.

Kazi ile ya vijijini niliifanya mpaka nilipostaafu. Nimelowa kuliko baba yangu. Pikipiki imenitupa kwenye mifereji ya vijiji ambavyo sitavitaja ili wasinikumbuke. Na kuna ufundi mwingine ambao hakuna chuo kinachoufundisha: ukitembelea nyumba tano kwa siku, kila moja itakupikia, na hakuna itakayokubali kwamba umekula kwa jirani. Kijana mgeni hula sana nyumba ya kwanza kwa heshima, nyumba ya tatu anashindwa kuinuka. Wewe anza kidogo, sifia sana, na kaa karibu na watoto, wao watakusaidia sahani. Nyumba ambayo huwezi kuikwepa iache iwe ya mwisho, maana huko utalala kitini na hawatakulaumu.

Hivyo sikumcheka yule binti wa ukumbini, na wala sikuona kwamba anadeka. Anayetaka kufanyia kazi nyumbani, afanyie. Anayetaka ofisi, aiingie. Ninachoogopa ni kwamba siku hizi dirisha limekuwa dogo zaidi, mnalibeba mkononi, na linaonyesha kikombe tu, halionyeshi ndoo iliyo chini ya meza. Kila kazi ina ndoo yake. Ma Yustina ndoo yake haikumsumbua, akastaafu nayo kwa amani. Mimi yangu ilikuwa matope, nikayazoea. Tafuta ile ambayo wewe unaweza kuishi nayo bila kununa.

Basi fanya hivi. Wiki hii mtafute mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka, mwombe ukae naye siku moja ya kawaida, kuanzia anapotoka nyumbani mpaka anaporudi. Usimuulize mshahara. Angalia anakula nini, anakula na nani, na anapofika kwake jioni anazungumza au ananyamaza. Keshokutwa yake, kabla hujamshirikisha mtu mwingine, jiulize kama ungependa kurudi kule bila kuitwa. Kama jibu ni ndiyo, rudi.